Safu ya Sufuri

Kazi yangu ni kuandika.
Dokta Wahida hutaja, Ngwali hupima,
Bi Mize hupika na kubisha,
nami, karani wa Misitu hapo Wete,
nimeazimwa siku saba
pamoja na kalamu mbili za risasi,
maana wino hulia kwa unyevu.

Kisiwa chenyewe ni Jiwe Kiu.
Hakina kisima, hakina mnazi, hakina hata kaburi.
Maji tumekuja nayo katika madumu ya njano,
yanapimwa kama dawa:
kikombe asubuhi, kikombe adhuhuri,
udhu kwa maji ya bahari.
Kabla hatujakanyaga mchanga, Dokta alitukung'utisha viatu,
magunia, mifuko, hata pindo za kanga,
tusije tukaleta mgeni bila kujua.

Siku ya kwanza, miti.
Mdaa, kumi na tisa. Mkole, miwili, mmoja umekatika.
Mkaaga umelala chini
kama mtu anayetafuta pete iliyomdondoka;
upepo wa huku haupendi kitu kisimame.
Dokta akataja jina la Kilatini, refu kama hati ya shamba,
nikaliandika herufi kwa herufi.
Safu iliyofuata ikauliza: wenyeji wanauitaje?
Nikamtazama Bi Mize.
"Wenyeji gani? Hapa mwenyeji kaa."

Guruguru, thalathini na mmoja, hawatuogopi.
Mmoja alipanda daftarini akakalia tarehe,
ikabidi tarehe isubiri.
Usiku akaja tuu, mgongo rangi ya zambarau mbivu,
akachukua kifuniko cha sufuria, akaenda nacho zake.
Bi Mize alimfuata kwa tochi na matusi
hadi mawe yalipomkatalia.

Lakini hatukuja kwa ajili ya hao.
Tulikuja kwa ajili ya asiyekuwapo.

Kisiwa cha jirani, ng'ambo ya mkondo,
panya alishuka mwaka juzi ndani ya gunia la mkaa.
Mmoja tu, wanasema, mwenye mimba.
Leo membe hawatagi tena kule;
ukienda unakuta maganda, na kimya.

Basi mitego arubaini,
chambo nazi ya kuchoma na dagaa.
Alfajiri napita na Ngwali.
Wa kwanza: sufuri. Wa pili: sufuri.
Wa tisa: kaa mdogo, kakasirika, mwachie. Sufuri.
Ngwali anachungulia, Dokta anachungulia tena,
ndipo anasema, "Andika."

Miaka ishirini na miwili nimeandika vilivyopo:
magogo, vibali, faini, majembe ya serikali.
Na mwaka wa sensa
alikuja kijana kwangu Limbani, na haraka zake.
Watoto wangapi?
Akaandika hiyo sufuri kabla sijamaliza kupumua,
akageuza ukurasa,
akauliza kama choo kina paa.

Hapa sufuri inapigiwa magoti.
Inaangaliwa na watu wawili, kwa tochi,
na mtu akiiona anatabasamu, anasema alhamdulillahi.
Sikujua kama inaweza kuandikwa hivyo.
Mtego wa ishirini na sita niliandika polepole,
Ngwali akaniuliza kama naumwa mkono.

Siku ya saba, karatasi ya masizi namba thalathini na tatu
ilikuwa na alama.
Nne ndogo, kisha mburuto, kisha hakuna.
Dokta alilala kifudifudi na lenzi yake
mpaka jua likampanda mgongoni.
"Kaa mchanga," akasema.
Akanyamaza.
"Nadhani."

Fomu haina mahali pa nadhani.
Aliniangalia, nami nikaangalia kalamu,
ile ya pili, imebaki kama kidole gumba.
Nikaanza duara juu, nikashuka, nikapanda,
nikaiacha pembeni wazi kidogo,
kama sufuria isiyo kifuniko.

Nyuma yetu Bi Mize anapiga kelele:
yamebaki madumu mawili,
nani anataka chai?